Kuipima Karata ya Ucheshi kwa Kisanduku Chake na Kijitabu Chake

Mtu anayesimama mbele ya rafu ya duka akiwa na nia ya kununua mchezo wa karata za kuchekesha, awe ni mzazi anayewatafutia wanawe burudani ya jioni, au mwalimu anayeongoza chama cha michezo shuleni, au mwenye duka anayeamua bidhaa ipi aiagize na ipi aiache, hana cha kuamulia ila vitu viwili: kisanduku kilichofungwa kwa nailoni, na kijitabu cha kanuni ambacho aghalabu kimefungiwa ndani ya kisanduku hichohicho. Vyote viwili vimeandikwa na muuzaji. Na kwa kuwa mchezo wenyewe ni wa mzaha, vyote viwili vimeandikwa kwa ulimi wa mzaha. Hii ndiyo sababu mchezo wa namna hii ni mgumu kuupima kuliko karata zetu za kawaida za kopa, uru, shupaza na pau, ambazo kanuni zake tulizipata kwa kuketi barazani na wanaozijua. Hapa huna budi kusoma, na kusoma kwa makini huku unachekeshwa. Rai yangu ni kwamba kijitabu chema cha mchezo wa ucheshi huuweka mzaha mahali usipoweza kuidhuru kanuni, na kisanduku chema huonyesha ucheshi wa aina ileile utakayoikuta mezani. Na mengine yote nitakayokueleza yanatokana na rai hiyo.

Anza na kisanduku, kwa kuwa ndicho kinachokutana na jicho kwanza. Rudi nyuma hatua mbili tatu, utazame kama jina la mchezo linasomeka, na kama picha ya juu inakuambia, bila ya msaada wa maneno, kichekesho chenyewe ni cha namna gani. Ustadi huu ni wa zamani. Nyumba ya John Jaques ya London ilipotoa karata za Happy Families mwaka 1851, ucheshi wake ulikuwa katika sura za watu: mwokaji mikate, mchinjaji, mtengeneza bia, kila mmoja na mkewe na mwanawe na binti yake, wamechorwa kwa dhihaka isiyoumiza, na michoro hiyo husemwa kuwa ni ya mkono wa John Tenniel, ambaye baadaye alizipamba hadithi za Alice za Lewis Carroll. Mnunuzi wa zama zile alitazama uso wa karata moja akajua amenunua nini. Miaka 150 baadaye, mwaka 2001, kampuni ya Steve Jackson Games ya Marekani ilitoa Munchkin, mchezo uliobuniwa na Steve Jackson mwenyewe na kuchorwa na John Kovalic, na tangazo lake liliwaahidi wachezaji mambo matatu bila ya kuficha: kuua mazimwi, kuiba hazina, na kumchoma kisu rafiki. Ahadi ya tatu ndiyo muhimu. Inamwambia mnunuzi kwamba kicheko cha mchezo huu hutokana na usaliti baina ya marafiki, na kama nyumbani kwake mna mtu asiyestahimili kusalitiwa hata kwa masihara, amekwisha onywa kabla hajatoa fedha yake. Hiyo naiita insafu katika biashara.

Kisha kigeuze kisanduku utafute tarakimu tatu zinazoandikwa aghalabu mgongoni au ubavuni: idadi ya wachezaji, muda, na umri. Idadi uilinganishe na watu ulio nao kweli, si wale unaotamani wangekuwapo. Munchkin ni mchezo wa watu watatu hadi sita, kwa hiyo mume na mke waliobaki peke yao jioni hawana la kufanya nao. Exploding Kittens, mchezo wa paka wanaoripuka uliotoka mwaka 2015, ni wa wawili hadi watano, na familia ya watu saba itabidi wengine wangoje. Muda nao usiupite haraka, kwa maana thamani yake haionekani mpaka uuweke pamoja na swali jingine ambalo kisanduku hakilijibu, nalo ni hili: aliyeshindwa mapema hufanya nini? Katika mchezo wa paka, mchezaji aliyeivuta karata ya mripuko naye hana karata ya kuuzima hutoka mchezoni, hukaa pembeni akitazama. Kwa kuwa mchezo mzima ni wa kiasi cha robo saa, kungoja huko hakumuudhi mtu, bali huwa ni sehemu ya furaha, kwani aliyekwisha kuripuka huona raha kuwatazama wenzake wakitetemeka. Kanuni hiyohiyo ingewekwa katika mchezo wa saa moja na nusu, mtoto aliyetolewa dakika ya kumi angeondoka mezani na asirudi.

Umri ni jambo la hadhari zaidi katika ucheshi kuliko katika mchezo mwingine wowote, kwa sababu hapa tarakimu inazungumzia adabu, ilhali wengi hudhani inazungumzia akili tu. Chukua mfano wa michezo miwili iliyojengwa juu ya msingi mmoja: mwamuzi hutoa karata, wenzake hutoa zao kwa siri, naye huchagua ile iliyompendeza. Apples to Apples, wa mwaka 1999, ni mchezo wa familia. Cards Against Humanity, wa mwaka 2011, umekusudiwa watu wa miaka 17 na kuendelea, na maneno ya karata zake ni ya matusi, ya maiti, na ya mambo ya faraghani. Kisanduku chake ni cheusi, kina maandishi meupe na hakina picha hata moja, na mtoto au bibi asiyekuwa na habari hawezi kukishuku. Wewe mwenye duka, usikiweke kisanduku cha namna hiyo kwenye rafu moja na michezo ya watoto kwa sababu tu vina ukubwa mmoja. Na wewe mzazi, ukiona kisanduku cha ucheshi kisicho na sampuli hata moja ya karata zake nje, uliza kilicho ndani kabla hujalipa.

Sampuli hizo, zikiwapo, ndizo zinazostahili kutazamwa kwa utulivu kuliko kitu kingine chochote cha nje. Ucheshi wa karata una makazi matatu. Waweza kukaa katika picha, au katika maneno, au katika tendo, yaani hali ambayo kanuni inawatia wachezaji. Ucheshi wa picha husafiri mbali: paka aliyevaa kofia huchekesha Nairobi kama anavyochekesha Chicago. Ucheshi wa maneno husafiri kwa shida, kwa sababu unamtaka mchezaji ajue mambo aliyoyajua mwandishi. Karata nyingi za Munchkin zinaidhihaki michezo ya kuigiza mashujaa na mazimwi, ule ukoo ulioasisiwa na Dungeons & Dragons mwaka 1974, na msomaji wetu ambaye hakuukulia mchezo huo atasoma jina la silaha fulani asione cha kuchekea, huku mwenzake aliyeukulia akishika mbavu. Na hata kwa anayeelewa, kichekesho cha maneno hupungua nguvu kila kinaposomwa. Ucheshi wa tendo ndio unaodumu. Katika Munchkin mchezaji aliyezidiwa na zimwi anaruhusiwa kuomba msaada, na anayeombwa anaruhusiwa kudai malipo, na wengine wote wanaruhusiwa kumwongezea zimwi nguvu ili wawili hao washindwe. Mabishano yanayozuka hapo hayakuandikwa kwenye karata yoyote, na kila jioni huwa mapya. Basi unapotazama sampuli mgongoni mwa kisanduku, jiulize: wamenionyesha sentensi tatu za kuchekesha, au wamenionyesha watu wakiwa katika hali ya kuchekesha? Kisanduku kinachoonyesha zamu moja ikichezwa, hata kwa michoro midogo, nakiamini kuliko chenye misemo mitano mitamu.

Wala usidhani kwamba nguvu ya sura ya nje ni jambo dogo. Exploding Kittens, uliobuniwa na Elan Lee na Shane Small na kuchorwa na Matthew Inman, msanii wa vibonzo vya The Oatmeal, ulitangazwa kwa umma kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, mwezi Januari 2015, na hadi tangazo lilipofungwa mwezi uliofuata watu 219,382 walikuwa wametoa zaidi ya dola milioni 8.7 kwa mchezo ambao hawajaushika mkononi. Walivutwa na michoro, na maelezo mafupi, na jina. Kisanduku cha toleo la kwanza kililia sauti ya paka kilipofunguliwa, ufundi ambao mimi nausifu, lakini nisingemshauri mtu kuuhesabu katika bei, kwa maana furaha yake ni ya mara ya kwanza. Soma badala yake orodha ya vilivyomo. Mchezo huo una karata 56. Munchkin ulitoka na karata 168 na dadu moja. Ukishajua hesabu hizo, kipime kisanduku kwa mkono: kikiwa kikubwa mno kwa kilichomo, jua kwamba unalipia hewa, na pengine unalipia mahali kwenye rafu ambapo kisanduku kidogo kisingeonekana.

Sasa tuje kwenye kijitabu, ambako hukumu ya kweli hupatikana. Usiseme kwamba kimefungiwa ndani huwezi kukiona, kwani wachapishaji wengi wakubwa wa michezo hii, Steve Jackson Games wakiwamo, huziweka kanuni zao kwenye intaneti bila ya malipo, nawe waweza kuzisoma kwa simu ukiwa umesimama palepale dukani. Jambo la kwanza la kutafuta ni namna mtu anavyoshinda. Likiwa halimo katika ukurasa wa kwanza, kijitabu kimeanza vibaya, kwa sababu msomaji asiyejua mwisho wa safari hawezi kuielewa hatua yoyote ya njiani. La pili ni matayarisho: karata zichanganywe vipi, kila mtu agawiwe ngapi, nini kitengwe. Hapa ndipo kosa dogo la mwandishi huuharibu usiku mzima.

Tazama matayarisho ya paka wanaoripuka. Kwanza karata zote za mripuko hutolewa kwenye pakiti, pamoja na karata za kuuzima. Kila mchezaji hupewa karata moja ya kuzima, kisha zilizobaki huchanganywa na watu hugawiwa karata zao. Baada ya hapo tu ndipo karata za mripuko hurudishwa kwenye rundo, tena kwa idadi iliyo pungufu kwa moja ya idadi ya wachezaji: watu watano, paka wanne; watu watatu, paka wawili. Mpangilio huu una hekima mbili. Paka wangalirudishwa kabla ya kugawa, mtu angeweza kupewa mripuko mkononi kabla mchezo haujaanza. Na hesabu ya pungufu kwa moja ndiyo inayohakikisha kwamba wote wataripuka isipokuwa mmoja, ambaye ndiye mshindi. Kijitabu kinachozitaja hatua hizo bila ya kuzipanga kwa utaratibu wake kingewapoteza wasomaji, hata kama kila neno lake ni sahihi. Basi unaposoma matayarisho ya mchezo wowote, fuata hatua moja moja kwa fikra zako na ujiulize kila mara: nikiacha hii, au nikiitanguliza ile, kitatokea nini?

Karatasi ya kanuni ya mchezo huo wa paka humshauri mchezaji aache kusoma akatazame filamu fupi ya maelezo mtandaoni, kwa hoja kwamba kusoma ni njia mbaya ya kujifunza mchezo. Mzaha huu una ukweli ndani yake, na filamu nzuri husaidia sana. Lakini ipime karatasi kana kwamba filamu haipo, kwa sababu bando huisha, umeme hukatika, na swali zito huzuka katikati ya mchezo wakati ambapo hakuna anayetaka kutazama dakika tatu za filamu ili apate jibu la sentensi moja.

La tatu, na ndilo kiini cha kazi yako, ni kutazama mzaha umewekwa wapi. Kijitabu cha Munchkin kinafaa kuwa darasa katika jambo hili. Katika kueleza nani aanze, kinawaambia wachezaji warushe dadu kisha wabishane juu ya matokeo, na juu ya maana ya sentensi yenyewe, na juu ya neno linaloonekana kukosekana ndani yake. Ni masihara matupu, lakini yamewekwa mahali pasipo na madhara, maana yeyote akianza mchezo unakwenda. Linganisha na kifungu cha sadaka. Jina ni la utani, kwa sababu shujaa wa mchezo huu ni bahili asiyempa mtu kitu kwa hiari yake. Lakini kanuni iliyo chini ya jina hilo ni kavu na kamili: mwisho wa zamu yako, ukiwa na zaidi ya karata tano mkononi, zilizozidi umpe mchezaji mwenye daraja la chini kuliko wote, na ikiwa wa chini ni wewe mwenyewe, uzitupe. Kichwa kinachekesha, mwili wa kanuni hauchekeshi, na msomaji hana tashwishi yoyote juu ya afanye nini.

Ukavu huo una faida yake. Mchezaji wa Munchkin huanza daraja la 1 na hushinda afikapo la 10, na anaweza kupanda daraja kwa kuuza vitu vya thamani ya vipande 1,000 vya dhahabu. Mtu aliye daraja la 9, mwenye vitu vya kutosha vya kuuza, atajiona mshindi. Na angekuwa mshindi kweli, lau kanuni isingesema bayana kwamba daraja la ushindi hupatikana kwa kuua zimwi, ila karata yenyewe iruhusu vingine. Sentensi hiyo moja ingeandikwa kwa mzaha wenye maana mbili, kila mchezo ungemalizika kwa ugomvi wa kweli. Kadhalika kijitabu hicho kinasema kwamba karata ikigongana na kanuni ya jumla, karata ndiyo ifuatwe, na kwamba mizozo mingine iamuliwe kwa mabishano ya sauti kubwa na neno la mwisho liwe la mwenye karata zake. Hata mzaha huo wa mwisho ni hukumu inayotekelezeka: kuna mtu mmoja, anajulikana, na neno lake linamaliza shauri.

Tazama pia kama kijitabu kinatenganisha wajibu na hiari. Uno, mchezo uliobuniwa mwaka 1971 na Merle Robbins, kinyozi wa Ohio, unatupa mfano ambao wengi wanaoucheza hawaujui. Karata ya kumwongezea mwenzio nne haichezwi ovyo: kwa kanuni, huruhusiwi kuitoa ukiwa na karata yoyote ya rangi inayochezwa. Anayepigwa nayo anaweza kukushuku. Ukionekana umekiuka, unachukua nne wewe, na ukionekana mkweli, aliyekushuku anachukua sita. Humo mna udanganyifu, na ujasiri, na kicheko kingi, navyo hupotea katika nyumba zote zinazoitupa karata hiyo kama zinavyotupa nyingine. Watengenezaji walipoeleza hadharani mwaka 2019 kwamba karata za kuongeza haziruhusiwi kulimbikizwa moja juu ya nyingine, wachezaji wengi duniani walikataa kuamini. Kijitabu kizuri hukiweka kifungu cha namna hiyo mbele ya macho, kwa mfano uliotendeka, wala hakikitupi chini ya ukurasa.

Fluxx wa Andrew Looney, wa mwaka 1997, upime kwa njia nyingine. Huanza na agizo la kuvuta karata moja na kucheza moja, kisha karata zenyewe hubadilisha kanuni na hata lengo la ushindi kadiri mchezo unavyoendelea, kwa hiyo kijitabu ni kidogo na mzigo wote umo katika maandishi ya karata. Hapo soma karata, uone kama kila moja inajitosheleza na kama herufi zake zinasomeka upande wa pili wa meza.

Ukitaka jaribio lisilodanganya, mpe kijitabu mtu ambaye hajawahi kuucheza mchezo huo, aandae na kuwafundisha wenzake, nawe ukae kimya. Usimsahihishe wala usimwonyeshe uso. Andika tu ukurasa anaourudia mara ya pili, na sentensi anayoisoma kwa sauti kuwathibitishia wenziwe. Ukurasa unaorudiwa ni ukurasa uliopangwa vibaya. Sentensi inayobishaniwa ni sentensi iliyoandikwa vibaya. Ikiwa wachezaji wako hawajui Kiingereza, itakubidi uandike kanuni kwa Kiswahili: shika jina moja kwa kila kitu toka mwanzo hadi mwisho, kwa maana ukiliita rundo lilelile bunda katika aya moja na fungu katika nyingine, watadhani ni marundo mawili.

Karata zenyewe zishike juu ya taa. Zilizotengenezwa vizuri zina utando wa rangi nyeusi au buluu katikati ya tabaka za karatasi, na upande wa mbele hauonekani kwa nyuma. Angalia pia kama rangi zinasaidiwa na alama, kwani wako wanaume wengi wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Uno wenyewe ulitoa toleo lenye alama za ColorADD, zinazotambulisha rangi kwa umbo, mwaka 2017.

Kabla ya kulipa, soma maandishi madogo kuliko yote ya kisanduku, yale yanayosema kama mchezo huu unajitegemea au ni nyongeza inayohitaji mchezo wa asili. Michezo ya ucheshi inayopendwa huzaa nyongeza nyingi, na visanduku vyake hufanana na vya asili kama pacha. Imploding Kittens, wa mwaka 2016, ni karata 20 tu za kuongezea mchezo wa paka ili uchezwe na watu sita, na peke yake hauchezeki. Star Munchkin, kinyume chake, ni mchezo kamili. Muulize mwenye duka, na asipojua, akuonyeshe mahali palipoandikwa.